Meno ya Manju

Bujiku alilazwa chali kwenye kiti cha daktari wa meno, shavu la kushoto limevimba, macho yameelekea darini. Gego la chini lilikuwa likimtesa tangu palizi. Hakuwa mtu wa kulialia, lakini alikuwa manju: akianza wimbo, kijiji kizima huinua majembe pamoja, na wimbo hautungiki kichwa kikigonga usiku kucha. Ndiyo maana Onesmo, katibu wa kijiji, alipomwambia apande Landrova ya chama akatibiwe bure Shinyanga mjini, alipanda hata uji hakumaliza. Rahisi ghali, wahenga walishasema, ila jino likiuma nani huwakumbuka wahenga?

“Shikamoo, daktari,” alisema, ingawa daktari angeweza kuwa mwanawe wa tatu.

“Marahaba. Fungua mdomo.”

Daktari Akida, mtu wa Tanga, alichungulia. Meno ya mbele yalikuwa ya kahawia, kama ya kila mtu aliyekulia maji ya visima vya kule. Yalikuwa magumu, yanatafuna hata mfupa.

“Haya ya mbele si mabovu,” alimwambia Onesmo. “Ni rangi ya maji tu.”

“Yanatia aibu, daktari. Mgeni rasmi anakuja kukufungulia chumba hiki, na huyu ndiye atakayeongoza wimbo. Wapiga picha watakuwepo. Ng'oa, umwekee meupe.”

“Mwenyewe ameelezwa?”

“Ameelezwa.”

“Anajua kwamba hayaoti tena?”

“Mimi ni katibu wake. Nikikubali mimi, kijiji kimekubali.”

Walizungumza haraka, na Kiswahili cha Bujiku kilikuwa cha mnadani: bei, ng'ombe, kwato, basi. Alisikia neno “wimbo” akafurahi kidogo. Daktari alitazama mlango mpya, ambao rangi yake ilikuwa bado inanuka. Kisha akamwinamia.

“Mzee, tung'oe?”

Bujiku aliweka kidole shavuni, juu ya gego. “Ng'oa, daktari.”

Daktari alikiona kile kidole. Aligeuka kujaza sindano.

Ganzi iliingia juu, chini ya pua. Bujiku akashangaa, kwa sababu maumivu yalikuwa chini, kushoto. Alinyanyua mkono aonyeshe tena.

“Tulia, ng'wana Maige,” Onesmo alimwambia kwa Kisukuma, akimwita kwa jina la baba yake, akaushusha ule mkono na kuushikilia. “Daktari anajua kazi yake.”

Mbele ya wakubwa mtu hashindani. Ndivyo alivyolelewa, ndivyo walivyolelewa wote. Koleo lilizama, mfupa ukalia ndani ya fuvu, kitu kikadondoka kwenye bakuli la chuma. Akadhani yamekwisha. Koleo likarudi. Bakuli likalia tena, na tena, naye akaacha kutazama dari akafumba macho. Hofu ilimshika kweli sasa, lakini kinywa chenye koleo kitasema nini?

“Meupe anayavaa lini?” Onesmo aliuliza wakati daktari akinawa mikono.

“Fizi zipone kwanza. Halafu vipimo viende Mwanza. Miezi.”

“Miezi! Sherehe ni Jumamosi! Hukuniambia.”

“Hukuniuliza.”

Bujiku, pamba mdomoni, alikuwa bado ameshika shavu la kushoto. Daktari alilitazama gego, akatazama kichupa kitupu. “Hilo, ganzi imekwisha. Arudi siku nyingine.”

Jumamosi ilipofika, Makoye, mmoja wa waitikiaji wa Bujiku, ndiye aliyeongoza wimbo. Aliuanzia juu mno, majembe yakapanda ovyo. Bujiku alikuwa amewekwa safu ya nyuma, kiganja mdomoni. Mgeni rasmi alikata utepe, akapita akishika mikono ya watu, akasimama.

“Mzee huyu vipi?”

“Mgonjwa wetu wa kwanza, mheshimiwa,” Onesmo aliwahi.

“Vizuri sana! Aseme neno.”

Kipaza sauti kililetwa. Bujiku aliondoa kiganja. Kamera zikashuka. Alisema kwa Kisukuma, polepole, upepo ukipenya kwenye fizi: “Nilikuja na jino moja linaloniuma. Wameliacha. Wamechukua yale niliyoimbia. Nani aliwaambia?”

Watu wa kijiji chake walisikia. Wengi walitazama makali ya majembe yao.

“Anasemaje?” aliuliza mgeni rasmi.

Onesmo alikohoa. “Anashukuru, mheshimiwa. Anasema huduma imewafikia wanyonge.”

Neno “anashukuru” Bujiku alilijua. Alitikisa kichwa kukataa, akafungua mdomo, lakini kipaza sauti kilikuwa kimeshaondoka. Mgeni rasmi alipiga makofi. Daktari naye akapiga, macho chini. Kisha Makoye, kisha safu ya mbele, kisha wote, majembe yamebanwa kwapani ili mikono ipate nafasi. Na kila kofi lilitua kwenye lile gego la kushoto, ambalo hakuna aliyeligusa.