Chafya ya Tapkigen

Shirley, mke wa kijana wangu, alikuwa na tumbo la kufika hapa na simu mkononi, kila jioni anatafuta jina.

"Mum, nataka jina ambalo si la kila mtu," aliniambia. "Lakini mtu akilisikia asiniulize mara mbili."

Nilimwelewa. Hapa Sosiot ukisimama sokoni uite Cherono, nusu ya soko itageuka. Lakini nilimwambia kwetu jina la mtoto halitoki kwenye simu. Jina linaitwa, linakuja lenyewe.

Mimi mwenyewe nina majina mengi. Kanisani ni Priscillah. Majirani wananiita Mama Aron, kwa sababu ya huyo kijana wangu. Jina alilonipa mama yangu ni Tapkigen, na mama alipokufa aliyebaki akiniita hivyo ni mume wangu Johana peke yake. Jioni alikuwa anasimama kule chini, mwisho wa shamba letu la chai, karibu na mto, anaita, "Tapkigeeen!" Maana yake nimpelekee chupa ya chai. Mwanaume mvivu wa kupanda mlima yule! Lakini nilimpenda.

Johana akafa, tukamzika, na akaendelea kuniita.

Si kila siku. Ni ukungu ukishuka, niko kwenye majani na kapu mgongoni, nasikia sauti ileile kutoka kule chini. Kwetu hata mtoto mdogo anajua, ukiitwa na mtu usiyemwona, usiitike. Ukiitika umekubali kwenda. Basi mimi nafunga mdomo, naendelea kuchuma, nasema moyoni, ita tu mzee, utachoka wewe. Sikuwa na haraka naye. Nilitaka kwanza kumshika mjukuu.

Mjukuu akaja, msichana, ana nywele kichwa kizima. Walipotoka hospitali nikamwita Magdaline, jirani wa rika langu, pamoja na akina mama wengine wa ukoo, tumwitie mtoto jina. Siku hizi wengi hawaijui hii desturi, kwa hivyo acha niieleze. Mtoto anapakatwa, anasogezewa ugoro kidogo puani, halafu tunataja watu wa ukoo waliokufa, mmoja mmoja. Akipiga chafya, yule aliyetajwa ndiye amerudi, na hilo ndilo jina lake la nyumbani. La ubatizo mtatafuta kwenye simu mkitaka. Lakini wanaoitwa ni waliokufa tu. Hilo hakuna anayefundishwa, tumelikuta hivyo.

Na Shirley si wa kwetu. Baba yake ni Kimotho, yule mwenye duka la mbao Kericho mjini. Hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kumwambia.

Tukaita Tabutany. Tukaita Tabelga, na Taprandich mama yake Johana, ambaye mimi nilikuwa na uhakika ndiye. Mtoto kimya, anatutazama tu kama watu wa kelele. Ugoro wa Magdaline ulikuwa mkali, hata mimi macho yalikuwa yananitoka machozi, lakini yeye wala. Tulipoanza kurudia majina, Shirley akatabasamu pale kitandani. Kwao msichana wa kwanza hupewa jina la mama yake baba, hata akiwa hai, na ni heshima kubwa. Alikuwa amemuuliza Aron jina langu la utotoni, akalipenda. Si la kila mtu, na si geni. Akainama, akasema kwa upole, "Tapkigen."

Mtoto akapiga chafya.

Hakuna aliyepiga vigelegele. Magdaline alikunja karatasi yake ya ugoro, akaitia kifuani. Halafu wote wakanitazama, vile mtu anavyotazama kiti cha mwenye nyumba aliyetoka nje.

"Mnatazama nini?" nikawauliza. "Nani amekufa hapa? Mimi niko, nakunywa chai!"

"Aki Mum, nimekosea nini?" Shirley akauliza, na sasa tabasamu limekwisha.

"Hujakosea kitu," Magdaline akamjibu haraka. "Ni ugoro. Huyu mtoto ni Taprandich." Wakapiga vigelegele vya kujilazimisha, wakala, wakaenda zao. Hakuna aliyenipa mkono wa kwaheri.

Kuanzia siku hiyo mtoto akakataa kunyonya. Shirley anamwekea titi mdomoni, anageuza uso. Anamwita, "Taprandich, kunywa, mamii," anafunga mdomo. Wakampeleka kliniki, daktari akamwangalia mdomo, masikio, kifua, akasema mtoto ni mzima kabisa. Mzima gani? Mashavu yalikuwa yanaingia ndani. Na kulikuwa na jambo lingine ambalo sikumwambia mtu. Mimi nina kikohozi changu cha jioni, cha moshi wa jikoni. Kila nilipotaka kukohoa, yule mtoto alitangulia. Kilekile, cha mwanamke mzee, kutoka kwenye kifua cha kitu kidogo hivyo. Wui, niliogopa. Nikawa nakaa nje.

Magdaline akarudi, hakuketi. Akanitazama begani, si usoni.

"Mama Aron, unajua kinachomsumbua."

"Sijui."

"Jina limemchagua. Hawezi kuingia kama mlango una mtu. Mwachilie jina lako, kwa mdomo wako mwenyewe, anyonye."

"Na mimi nibaki nani? Waliokufa ndio wanaoitwa. Unaniambia nife?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema! Toka kwangu, Magdaline. Nina majani yanazeeka shambani, sina nafasi ya kufa!"

Akatoka. Lakini niliporudi ndani nilimkuta Shirley ameketi sakafuni, maziwa yamemlowesha gauni, na mtoto mapajani hana hata nguvu ya kulia. "Mum, kwetu ukimpa mtoto jina la mtu unamwongezea maisha," alisema. "Nilitaka uishi sana. Sikujua. Aki sikujua." Hasira yangu ikaisha yote. Niliwapenda hao wawili, yeye na mtoto, kuliko nilivyopenda kuwa mkaidi.

Nikamchukua mtoto, nikamshika karibu na mdomo wangu. Ugoro haukuwepo.

"Tapkigen," nikamwambia. "Chukua. Ni lako."

Akapiga chafya, akaanza kutafuta titi kwa fujo. Alinyonya mpaka Shirley akacheka na kulia pamoja. Aron alipotoka kazini akasimama mlangoni anapangusa macho. Mimi nilijisikia mwepesi, kama mtu aliyetua kapu. Kikohozi changu kikaisha siku hiyohiyo. Nilifurahi, sitadanganya. Nikasema moyoni, kumbe ni hivyo tu.

Kesho yake jioni nilikuwa nimempakata pale mbele ya nyumba, Shirley anaanua nguo. Ukungu ukapanda kutoka mtoni, ukafunika chai mstari baada ya mstari.

"Tapkigeeen!"

Nikafunga mdomo, vile nimezoea. Na mtoto juu ya mapaja yangu akageuza kichwa kuelekea kule chini. Macho yakafunguka. Mdomo ukafunguka.

Ndipo nikaelewa nilichomfanyia. Mimi sikuwa ninaitwa tena. Jina nililitoa mwenyewe, na pamoja nalo yule anayeliita. Na mtoto mchanga utamfundishaje asiitike?

Nikamziba mdomo kwa kiganja. Pumzi yake ilikuwa baridi. Johana akaita tena, karibu zaidi, na ule mwili mdogo ukajinyoosha kutoka mikononi mwangu kama anayetaka kuchukuliwa. Nikahisi ulimi wake ukitafuta sauti chini ya kiganja changu. Nikilichukua jina, atakufa kwa njaa. Nikimwachia, ataitika, leo au kesho. Lakini mimi nimekaa na Johana miaka mingi, namjua. Yule hataki jina. Anataka mtu na chupa ya chai, akishapata atanyamaza.

Nikasimama, nikaita kwa nguvu zangu zote, "Niko hapa, wewe mzee! Acha kelele, utamtisha mtoto! Nakuja!"

Kule chini kukawa kimya. Mtoto akafunga mdomo, akalegea, akalala.

"Mum, unaongea na nani?" Shirley akauliza, nguo mkononi.

Nikampa mtoto wake. Nikaingia jikoni, nikajaza chupa, sukari nyingi vile anavyopenda, nikavaa viatu vyangu vya gambuti. Nikamwambia Shirley ng'ombe asikamuliwe na Aron, ana mikono baridi. Nikamwambia Magdaline aambiwe nimemsamehe.

"Unaenda wapi na huu ukungu?"

"Kumpelekea mtu chai."

Alitazama kule chini, hakuona mtu. Lakini akanikumbatia kwa nguvu, na mikono yake ilikuwa ya moto sana, au mimi ndiye nilikuwa nimepoa.

"Tukungoje kwa chakula?"

"Kuleni," nikamwambia.

Njia ya kushuka haikuniumiza magoti hata kidogo. Johana yuko, amenisogezea nafasi, anakunywa chai yake na hamwiti mtu. Jioni tunamsikia Shirley kule juu, mbele ya nyumba, akiita, "Tapkigen! Tapkigen wa mama!" na mtoto anacheka. Sauti inashuka vizuri mpaka huku mtoni. Mimi sigeuki.