Udongo wa Chini ya Mstafeli

"Kitovu cha mtoto hakitupwi kwenye pipa," alisema Filomena kwa mara ya tatu. "Liwe la kahawia, liwe la bluu, liwe la dhahabu."

"Mama, hakuna aliyekitupa. Mama mkwe kauliza tu kinaingia pipa lipi."

"Kuuliza ndiko kuanza."

Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi, na simu ilikuwa imeegemezwa kwenye chupa ya chai juu ya meza ya jikoni, Bunju. Upande wa pili, huko Ulaya, Jesca alikuwa amevaa sweta mbili na kumpakata mwanawe wa siku tisa. Nyuma yake alisimama mama mkwe wake, Renate, mama mrefu mwenye mvi zilizokatwa fupi, ameshika kisahani. Juu ya kisahani kulikuwa na kipande cheusi kikavu, kidogo kama karafuu. Kilikuwa kitovu cha mtoto, kilichodondoka alfajiri ile. Renate alikuwa mtu wa utaratibu. Kwake maganda yana pipa lake, karatasi zina pipa lake, chupa zina pipa lake, na alikuwa ameuliza kwa nia njema.

"Nipe mie," alisema Filomena. "Nitakizika hapa nyuma, chini ya mstafeli, kilipo chako. Lete."

Akaingiza mkono ndani ya simu na kukunjua kiganja mbele ya uso wa binti yake.

Jambo hilo lilianza siku mtoto alipozaliwa. Filomena alikuwa akimtazama kwenye simu, akaona maziwa yamebaki pembeni mwa mdomo wake, akanyoosha kidole kuyafuta. Kidole kilipita. Aliyafuta, akakirudisha kidole, kikiwa na baridi. Tangu hapo alimwogesha mjukuu wake kila asubuhi kwa mkono mmoja, na Jesca akishika upande uliobaki. Mkono wa Filomena ulikuwa mnene, ukipita ulikwama karibu na kiwiko. Mumewe Albano, fundi wa kuchonga milango, alipitisha vidole vinne tu, akatosheka kumkuna mtoto kisigino.

Kupita mzima haikuwezekana. Filomena alikuwa ameomba visa mara mbili, na mara mbili alijibiwa kwa barua kwamba haikuthibitika kuwa angerudi kwao. Alipokwenda kuchukua barua ya pili, juzi tu, alimuuliza binti wa dirishani kama mkono nao unahitaji kibali. Yule binti alitafuta kwenye kompyuta, akasema hakuna fomu ya sehemu ya mwili. Filomena akamshukuru, akarudi Bunju kuwahi maji ya bomba, maana siku ile ilikuwa zamu ya mtaa wao.

"Lete basi," alirudia sasa. "Mkono unaganda."

"Sileti."

Albano, aliyekuwa anapiga msasa kipande cha mninga mlangoni, aliacha kupiga.

"Jesca," alisema Filomena taratibu. "Sisi tukiulizana kwetu wapi, tunaulizana kitovu kimezikwa wapi. Huyu akiulizwa atajibu nini? Jalalani? Kikizikwa huko atakuwa mgeni hapa. Atakuja siku moja na kofia kubwa na chupa ya maji, apige picha kuku wangu."

"Ukikizika huko atavutwa."

"Atavutwa na nani?"

Jesca alimpa Renate mtoto. Kisha akapandisha sweta zote mbili na kuonyesha mkanda mpana wa kitambaa uliozungushwa tumboni.

"Na mkanda huo? Si unaniambia mishono imepona?"

"Si wa uzazi, Mama. Huu ni mwaka wa nne navutwa. Kitovu kinanivuta mchana kutwa, na magharibi ikiingia kwenu kinazidi. Mwanzoni kidogo tu. Mwaka juzi nilikuwa wodini namgeuza mgonjwa, kikanivuta mpaka nikang'ang'ania kitanda. Daktari alinipima, akaandika kwamba kuna kitu kinavuta kutoka kusini-mashariki, akanipa mkanda. Nikiwa zamu ya jioni wananifunga kwenye troli ya dawa nisiburutwe."

"Hukuniambia."

"Ungefanya nini?"

"Ningelegeza," alisema Filomena, ingawa hakujua angelegeza nini.

"Mie nilishazoea. Lakini huyu sitaki. Avutwe aende wapi? Nyumba yake iko hapa. Na wewe mwenyewe hawakuruhusu hata uje umpakate."

Filomena alirudisha mkono wake Bunju na kuufuta kwa kanga. Alivuta kikombe chake cha chai, akakiacha. Kwenye simu Renate alikuwa akimbembeleza mtoto na kusema maneno.

"Anasemaje?"

"Anauliza kwa nini kila siku unamwita mtoto mume wako."

"Mwambie ni mume wangu. Mjukuu wa kiume ni mume, ndivyo ilivyo. Nitamdai matumizi akikua."

"Na mie?" aliuliza Albano kutoka mlangoni.

"Wewe ulishazeeka."

Jesca akatafsiri. Renate alifikiri kidogo, akasema jambo kwa uso ule ule wa utaratibu.

"Anasema basi wewe na yeye mna mume mmoja, mtapangiana siku."

Albano alicheka mpaka akashika fremu ya mlango. Filomena alijizuia, akashindwa. Alipomaliza kucheka alimtazama Renate vizuri kwa mara ya kwanza, akaona kwamba muda wote wa ugomvi ule yule mama hakukiweka kisahani chini. Mtoto alikuwa mkono mmoja, kisahani mkono wa pili, kikishikwa sawasawa kama sahani ya komunyo.

"Mwambie Bibi Renate alete chungu cha maua," alisema.

"Cha nini?"

"Wewe mwambie alete."

Akatoka nje. Albano alimfuata na ndoo bila kuulizwa. Chini ya mstafeli, kwenye kona ya ukuta, Filomena alifukua kwa panga mahali alipokizika kitovu cha Jesca miaka thelathini na moja iliyopita. Hakukitafuta. Alichukua udongo wa pale pale, mwekundu kidogo na wenye mchanga, akaupitisha kwenye chekeche la unga ili mawe yasimwangukie mtu Ulaya.

Aliporudi, Jesca alikuwa amekaa karibu na dirisha lenye barafu kwenye vioo. Mbele yake kulikuwa na chungu cha udongo wa kuchoma. Marehemu mume wa Renate alikuwa akipandia nyanya humo; tangu afe kilikuwa kitupu.

"Igeuze simu kioo kitazame chini, juu ya chungu," alisema Filomena. Yake aliilaza mezani, kioo juu.

"Mama, umeamua nini?"

"Mie siruhusiwi. Udongo haujaombewa visa. Kizikeni huko, kwenye udongo wa huku. Mkihama, hameni na chungu."

Alitafuta kitu cha kumiminia. Kikombe kilikuwa kikubwa mno kwa simu, kijiko kidogo mno. Akafungua kabati, akatoa faili, akachukua barua ya pili ya visa, akaikunja ikawa mrija. Ilikuwa karatasi nzuri, nzito. Albano akaushika mrija juu ya kioo na Filomena akamimina udongo, kiganja baada ya kiganja. Uliingia Bunju, ukasikika ukianguka ndani ya chungu huko, ts, ts, kama mvua ya kwanza juu ya majani makavu.

Chungu kilipofika nusu, Renate alikiweka kitovu katikati kwa vidole viwili, akasubiri. Filomena alipitisha mkono, akakifunika, akashindilia. Alipotaka kuurudisha mkono, Renate aliukamata akakaa nao kidogo. Wakamalizia kumimina.

"Jesca," aliita Filomena. "Kinavuta?"

Sauti ya Jesca ikatoka chini ya simu: "Kinavuta. Lakini kimelegea kidogo."

"Mwagilia. Kidogo, usikizamishe."

"Ndiyo, Mama."

Bando la simu likaisha. Filomena aliukunjua mrija, akaukung'uta nje ya dirisha, akainyoosha barua kwa kiganja mpaka mikunjo ikalala, na kuirudisha kwenye faili, maana fomu ya ombi la tatu ilitaka mwombaji aambatishe majibu yote ya nyuma.