Mkono Usiovimba

Magdalena alirudi Bigwa kutoka zahanati ya misheni akiwa amekunja mkono wa gauni hadi juu ya kiwiko, watu waone. Hakukuwa na cha kuona, na hiyo ndiyo iliyokuwa fahari yake. Pale alipodungwa sindano ya kupimia kifua kikuu ngozi ilikuwa laini, haina hata kipele. Dada yake Filomena alikuwa na uvimbe mgumu, unaowasha, ameufunika kwa kanga.

Walipimwa kwa sababu ya mdogo wao Joyce, aliyekohoa miezi mitano nyumbani kwa Magdalena, dada zake wote wawili wakimuuguza kwa zamu, mpaka masika yakamchukua. Aliacha mtoto wa miaka miwili, Innocent. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na neno la mwisho ni la mjomba. Mjomba ndiye kaka yao Kasiani, mtu mwema, ila akishaamua jambo hata radi haimgeuzi.

Muuguzi aliwapima uvimbe kwa rula, akawaambia wamsubiri daktari, aliyekuwa mjini kufuata dawa. Kasiani hakuwa na muda wa kusubiri daktari. Zamani mtu akishukiwa, wazee walimchovya mkono katika maji ya moto. Aliyevimba ndiye mwenye kosa, asiyevimba huenda zake na heshima yake. Kasiani hakuwahi kukiona kiapo hicho, lakini alilelewa na waliokiona. Aliitazama mikono miwili, akahukumu palepale barazani.

"Filomena, una ugonjwa. Usimguse mtoto. Atakaa kwa Magdalena."

Filomena alimtazama Magdalena, mdogo wake, akingoja aseme neno. Magdalena alimpandisha mtoto mgongoni. Alikuwa na miaka thelathini na minne, hajawahi kuzaa, na alimtaka mtoto yule kuliko alivyotaka kuitwa mtu mwema. Tangu siku hiyo Filomena alitengewa kikombe chake na sahani yake, na majirani, ambao hawakosi kusikia, wakawa wanamsalimia kwa mbali.

Daktari Geofrey alipowaita, Magdalena alikwenda peke yake, na tabasamu lake.

"Dada yako mdudu anaye, lakini amelala, amezingirwa," alisema Geofrey. "Picha ya kifua aliyopigwa siku ya sindano ni safi. Haumwi, hamwambukizi mtu."

"Mbona mkono ulivimba?"

"Ulivimba kwa sababu mwili wake una askari. Tulichowadunga ni ute wa wadudu waliokwisha kufa. Mwili uliowahi kukutana na mdudu yule unamtambua hata kwa harufu. Chembe zake za kinga zinasafiri mpaka pale, taratibu, siku mbili tatu, zinajazana. Ndio uvimbe ule."

Tabasamu la Magdalena halikujua pa kwenda.

"Kwenu milimani, nguruwe akiingia shambani mnafanyaje?"

"Tunapiga madebe."

"Akijificha kichakani?"

"Madebe hayamtoi. Lazima watu waingie na mikuki."

"Basi damu ina kinga za madebe, zinamshika mdudu aliye wazi. Huyu wa kifua kikuu hakai wazi. Anamezwa na chembe iliyokuja kumla, halafu anafanya makazi humohumo ndani. Hapo ziingie chembe nyingine, zenyewe kwa miguu yake. Zipo zinazopiga mbiu na kuitia nguvu ile iliyommeza, imuue. Zipo zinazoiua chembe iliyotekwa pamoja na mgeni wake. Wapiga mbiu wakiisha, wenye mikuki hawaitwi, na mkono hauvimbi."

Aliutazama mkono wa Magdalena. "Mama, ulilala chumba kimoja na mgonjwa miezi mitano. Inawezekana hukuambukizwa, siwezi kuapa. Lakini uliwahi kuugua mkanda wa jeshi?"

Mkono wa Magdalena ulikwenda mbavuni wenyewe, kwenye makovu ya malengelenge ya mwaka jana. Aliogopa, akaogopa kweli. Alimkumbuka marehemu mumewe Castory. Kiwanda chake kilipofungwa, miaka ile kila kitu kilipokuwa ruksa, Castory aligeukia marobota ya mitumba, leo Dar, kesho Mbeya, mwishowe akarudi amekonda, amerudi kufa. Watu walisema karogwa na wenzake wa biashara. Magdalena naye alisema hivyohivyo, maana jibu jingine lilikuwa linamhusu.

Alikubali kutolewa damu. Majibu yaliporudi hakushangaa, alikaa tu kwenye benchi la zahanati mpaka mfagiaji akamwomba ainue miguu. Dawa ya ugonjwa ule haikuwapo. Wakati huo ilikuwa habari ya Ulaya.

Usiku ule Innocent alilala amemshika kidole. Asubuhi alimwogesha, akamvalisha, akambeba mpaka kwa Filomena. Filomena alikuwa akipalilia mchicha. Alipowaona alirudi nyuma hatua kadhaa, jembe mkononi.

"Kaka alisema nisimguse."

"Kaka alikosea. Mkono wako ulivimba kwa sababu mwili wako unapigana. Wangu haupigani tena, dada. Nimepima. Ni ule ugonjwa wa Castory."

Filomena aliweka jembe chini.

"Nilijua hukuwa na kosa lolote," Magdalena aliendelea. "Hata kabla daktari hajasema, nilijua, maana Joyce tulimuuguza sote. Nilinyamaza kwa sababu nilimtaka huyu. Sasa ameshazika mama mmoja. Nisimpe wa pili wa kuzika. Kaka nitamwambia mwenyewe."

Akamnyooshea mtoto. Filomena hakumpokea mara moja.

"Na wewe? Nani atakuuguza?"

Magdalena alitaka kusema Mungu yupo, kama watu wasemavyo, lakini uongo ulikuwa umemchosha.

"Wewe, dada. Ukikubali."

Filomena alifuta udongo kwenye viganja kwa upindo wa kanga, taratibu, kama mtu anayejipa muda wa kukasirika na hasira haiji. Kisha akampokea mtoto, akamweka kiunoni.

"Ingia ndani," alisema. "Jua kali."