Taa za Ussumane

Siku ya thelathini na tano baada ya kuzikwa Ussumane, mjane wake alimwita fundi Sadique aje kuiangalia pikapu. Hakumwita kuitengeneza. Nani angekaa tena kwenye gari lenye matundu mawili ya risasi upande wa dereva? Alimwita aje amwambie jambo moja tu: jioni ile taa ziliinuliwa na nani, mumewe au gari lenyewe.

Maana watu wa Palma walikwishatoa hukumu, na wakitoa hukumu wale hawangojei shahidi. Kuingia kizuizi cha darajani, kwenye njia itokayo Nhica do Rovuma, kuna adabu yake, na hakuna dereva asiyeijua. Unashusha taa ungali mbali, unawasha taa ya ndani ili uso wako uonekane, unapunguza mwendo, mikono unaiacha juu ya usukani. Jioni ile, magharibi imekwisha kuadhiniwa na giza limeshika, Ussumane aliwatokea walinzi kwenye kona na taa za juu, zile ambazo madereva huziita máximos, zikiwachoma machoni. Walimpungia tochi mara tatu. Taa hazikushuka. Wakapiga. Ndani ya gari walikuta magunia manne ya mpunga na maiti mmoja.

Sasa, binadamu tuna tabu zetu. Mtu akifa kwa homa tunamlilia. Akifa kwa risasi tunamtafutia kosa, ili tujiambie sisi hayatatupata. Wakasema Ussumane alikuwa mtu wa msituni, mmoja wa waasi, alitaka kuwapofua walinzi ili wenzake wapite. Yule yule aliyekuwa akiwapakia wake zao kuwapeleka kujifungua! Mazikoni walihudhuria watu tisa. Khitma ya siku ya tatu, masinia ya wali yalirudi jikoni kama yalivyotoka. Zilibaki siku tano kufika arobaini, na Wahida, mjane, alijua kwamba wasipokuja watu na siku hiyo, basi jina limekwisha, na wanawe wawili watakua wakiitwa watoto wa mtu wa msituni.

Wahida alikuwa ndani ya eda, hatoki, haonekani kwa wanaume. Alizungumza na Sadique kupitia dirishani, pazia limeshushwa.

"Shemeji, mimi gari silijui, lakini mume wangu namjua. Angalia vizuri, wala usinionee huruma. Kama ni yeye, niambie ni yeye."

"Nitaangalia, shemeji."

Sadique alijibu hivyo huku amejaa haya. Yeye na Ussumane walikuwa marafiki tangu madrasa, na bado, usiku mmoja au miwili, alikuwa amelala akijiuliza kama maneno ya watu hayana ukweli. Lisemwalo lipo, alijiambia. Leo, mbele ya pazia lile, alijichukia kwa kuwaza vile.

Pikapu ilikuwa chini ya banda la makuti, ilikovutwa kwa kamba kutoka kizuizini. Ilikuwa na taa zenye akili zake. Giza likiingia zinajiinua zenyewe. Zikiona mwanga wa mtu mbele, zinajishusha. Ussumane alikuwa akijivuna nazo mno. "Gari langu lina adabu kukushinda wewe," alikuwa akimwambia Sadique, na mkono wake haukugusa tena mkono wa taa tangu alipoinunua. Kwa nini ajisumbue? Gari lilikuwa likimfanyia.

Sadique alianza pale ambapo fundi yeyote angeanza. Betri ilikuwa imelala, akaifunga nyingine. Alitoa fyuzi moja moja akaziangalia juani, zote nzima. Relei ilikuwa ikigonga vizuri. Mkono wa taa aliukuta palepale Ussumane alipouacha, kwenye herufi A, ya taa kujiendesha zenyewe, na aliposhusha na kuinua kwa mkono, taa zilitii bila ubishi. Nyaya hazikuwa na mchubuko. Akaenda mbele kuangalia jicho la gari, ile kamera ndogo inayokaa nyuma ya kioo cha kutazamia nyuma. Juu ya kioo cha mbele palikuwa na utepe mweusi wa kuzuia jua, ambao yeye Sadique ndiye aliyeubandika mwaka jana. Alikuwa amelikatia jicho tundu lake, la duara, safi, kwa wembe mpya, na alipolitazama sasa alilikuta halijasogea hata unywele. Kwa nje, ndani ya tundu palikuwa peusi, kama jicho lenyewe lilivyo jeusi.

Basi kila kitu kilikuwa kizima. Na kama kila kitu ni kizima, basi ni Ussumane. 

Lakini taa haziulizwi gari likiwa limesimama, tena mchana. Alipiga jeki nyuma, akakaza magogo chini ya ekseli mpaka magurudumu ya nyuma yakaning'inia, akayazuia ya mbele kwa mawe. Kisha akaizungushia sehemu ya mbele turubai na mablanketi yaliyotoka ndani, mpaka mbele ya pikapu pakawa na chumba cha giza, na nyuma akaacha wazi moshi utoke. Alihitaji mtu wa kushika tochi.

"Nitashika mimi," alisema Bi Chamima, mama yake Ussumane.

"Mama, hapana. Nitamtafuta mtu."

"Mtu gani atakuja nyumba hii? Nipe."

Sadique alitandika mkeka juu ya kiti cha dereva, kwa sababu kiti hakikuwa cha kukaliwa, akawasha gari, akatia gea. Magurudumu yakazunguka hewani. Taa ya onyo la breki ikawaka kwenye dashibodi ikilalamika, akaiacha ilalamike. Mwendo ulipofika hamsini, taa za juu ziliinuka zenyewe, nyeupe, kali.

"Njoo, mama. Punga."

Bi Chamima akatokea mwisho wa turubai, kikongwe mfupi amefumba macho, na tochi mkononi. Akapunga. Taa hazikushuka. Akasogea, akapunga tena, juu na chini, kama mtu anayefukuza nyuki. Taa zilimkazia uso mzima, kila kunyanzi lilionekana, na bado hazikushuka. Akapunga mara ya tatu.

Sadique alizima gari, akaweka paji la uso juu ya usukani, akalia.

"Basi hivi ndivyo walivyomwona mwanangu," alisema Bi Chamima gizani. Hakulia yeye. Alionekana mtu aliyekwisha kuyamaliza machozi.

"Shemeji!" Wahida aliita kutoka dirishani. "Ni gari?"

"Ngoja kwanza, shemeji. Kuna kitu kinalizuia, sijakijua."

Jicho lilikuwa halioni. Hilo tu ndilo lililobaki. Sadique alikilegeza kifuniko cha kamera kwa bisibisi, akatia vidole viwili kwenye nafasi nyembamba kati ya jicho na kioo, akagusa kitambaa. Alikivuta. Kilikuwa kipakiti chembamba cha kitambaa cheusi, kimeshonwa pande zote nne kwa uzi mwekundu. Hirizi.

Bi Chamima alikuwa ameshafika dirishani kwa dereva na tochi yake. Akaimulika.

"Hiyo ni ya Wahida," alisema kwa sauti ya chini sana. "Alimwendea mwalimu, akaandikiwa kinga ya njiani. Mwalimu akamwambia iwekwe juu, mahali inapoitazama njia. Ussumane alicheka, hakuitaka. Wahida akamkimbilia mpaka hapo uani, akamwapia kwamba hatatia kitu kinywani mpaka aichukue. Akaichukua. Mimi nilimwona akiichomeka huko, akaisukuma ndani kabisa, walinzi wasiione wakamuuliza maswali. Ilikuwa asubuhi ya siku ileile."

 Sadique aliwasha tena gari, bila ile hirizi, kwa sababu fundi hasemi mpaka ajaribu. Mwendo hamsini. Taa zikainuka. Bi Chamima akaenda mwisho wa turubai, akapunga mara moja tu, na taa zikashuka papo hapo, zikamwangaza miguuni.

Sadique akairudisha hirizi. Hazikushuka.

Alipozima gari na kuitoa tena, walitazamana. Bi Chamima alinyoosha mkono, akaichukua hirizi, akaifunga kwenye pindo la kanga yake, fundo juu ya fundo.

"Aibu ya maiti aijuaye mwosha," alisema. "Ukimwambia, nitazika wawili. Ukinyamaza, mwanangu atabaki mtu wa msituni. Mimi sikuombi lolote, Sadique. Wewe ndiye fundi."

Alitoka, akamwacha na gari.

Sadique alifikiri kusema ni waya. Lakini sekretario wa mtaa, katibu wa serikali, mzee Ibraimo, ambaye ndiye angeyapeleka maneno haya kizuizini na msikitini, hakuwa mtu wa kuambiwa waya akaridhika. Angetaka kuona kwa macho yake. Na ukilikatia waya jicho la gari hili, taa haziinuki kabisa. Uongo wa waya ungeumbuka mbele ya watu. Kilihitajika kitu cha kuliziba jicho, na mtu wa kuibeba lawama yake.

Alifungua mkoba wake, akatoa kipande cha utepe mweusi kilichobaki mwaka jana. Alisimama mbele ya kioo, akalitazama lile tundu alilolikata kwa mkono wake, lisilo na kasoro, akaliziba. Alilainisha kingo kwa kucha mpaka zikaonekana za zamani. 

Kisha akaenda dirishani.

"Shemeji, ni gari. Ussumane hakugusa taa. Zilijiinua zenyewe na hazikuwaona walinzi."

Nyuma ya pazia Wahida alisema Alhamdulillahi, akasema tena, na tena, kisha kilio kikamshinda. Kilikuwa kilio cha mtu aliyetuliwa mzigo. Sadique alikiacha kiende mpaka mwisho wake. Angependa siku hiyo iishie hapo.

"Lakini kwa nini hazikuona?" aliuliza Wahida alipopata pumzi. "Siku zote zilikuwa zikiona."

"Ni mimi, shemeji. Utepe niliobandika sikuukata vizuri. Ulikuwa ukilegea kidogo kidogo kwa joto, na siku ile ukaliziba jicho lote. Kosa ni langu."

 Alisimama pale akingoja matusi, na matusi hayakuja. Ndani ya nyumba mlango ulifungwa taratibu.

Mzee Ibraimo alifika baada ya alasiri. Alitaka aonyeshwe, akaonyeshwa. Akashika tochi mwenyewe, akapunga mara nne, taa hazikushuka. Sadique akaubandua utepe mbele yake, zikashuka. Akataka arudie.

"Epá, Sadique," alisema mwishowe, akikitazama kile kipande kiganjani mwake. "Plástiko hii tu?"

"Hiyo tu, sekretario."

"Mtu mzima, baba wa watoto. Plástiko." Akakitia mfukoni kama ushahidi, akaondoka akitikisa kichwa.

Maneno mema hutembea kwa mkongojo, lakini haya yalikimbia, kwa kuwa ndani yake mlikuwa na wa kulaumiwa. Mpaka Ijumaa, hakuna aliyekumbuka kwamba aliwahi kumwita Ussumane mtu wa msituni. Maskini Ussumane, walisema, kauliwa na fundi. Mkubwa wa kizuizi alituma salamu za pole. Mwenye lori aliyekuwa ameacha gari kwa Sadique alikuja kulivuta nusu limefunguliwa, boliti kwenye ndoo. Wengine hata hawakuja kuuliza.

Siku ya arobaini watu walijaa. Mikeka ilitoka uani ikaenda mpaka barabarani, waliokuja mapema wakabanwa na waliochelewa, na masinia yaliondoka jikoni yakarudi matupu. Sadique alivaa kanzu yake akaja. Alijua si busara. Lakini mazikoni alikuwa mmoja wa wale tisa, na aliona haki yake walau aitikie dua ya rafiki yake. Akakaa ukingoni mwa mkeka wa mwisho. Wawili waliokuwa karibu walisogea, kila mmoja upande wake.

Kisomo kilikuwa kati wakati sauti ilipotoka dirishani.

"Nani kamruhusu huyo fundi?"

 Mwalimu akashika ukurasa kwa kidole.

"Nilikuita shemeji," Wahida alisema nyuma ya pazia. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. "Mimi mume wangu nilimkinga kwa kila nilichokuwa nacho. Mungu ni shahidi. Wewe ndiye uliyempofua, kisha unakuja kula wali wake?"

"Sikuja kula, shemeji."

"Usiniite hivyo. Mama! Wewe ndiye uliyemzaa. Mwambie wewe."

Bi Chamima alikuwa akipita kati ya wageni na birika, akiwanawisha mikono. Alisimama. Watu wote uani walikuwa wakimtazama, na yeye alimtazama Sadique tu.  Maji yalikuwa yakimwagika polepole kutoka kwenye birika, yakilowesha mkeka, hakuna aliyemwambia.

"Ondoka, Sadique," alisema. "Usirudi tena hapa kwetu."

"Nimesikia, mama."

Alitafuta viatu vyake katikati ya viatu vingi, akachukua muda kuviona. Nyuma yake mwalimu alirudia aya kuanzia mwanzo. Alipofika barabarani, dua ilikuwa imeanza, na uwanja mzima uliitikia amina kwa jina la Ussumane, sauti za watu wengi kuliko alivyowahi kusikia kwenye arobaini yoyote ya mtaa ule. Sadique naye aliitikia, peke yake, akaendelea kutembea.