Kidevu cha Mama Jeff

Niliacha shule darasa la tano, na tangu hapo kazi yangu ni kunyoa. Mimi ni Mkuria wa Isebania, lakini mwaka wa 1996 kibanda changu kilikuwa Sori, karibu na ziwa. Nimenyoa wavuvi wengi na sijawahi kukata sikio la mtu. Kosa langu kubwa nilimfanyia mwanamke, tena mwanamke ninayemheshimu kuliko wanaume wengi wa ufuo ule.

Jina lake Scovia. Watu walimwita Mama Jeff. Alikuwa na hoteli ya mabati iliyouza samaki wa kukaanga na ugali, na hoteli hiyo ndiyo iliyomsomesha Jeff shule ya bweni. Baba yake Jeff alivuka kwenda Mwanza akaoa huko, hakurudi.

Asubuhi moja alikuja kabla sijafungua dirisha. Alikuwa amejifunga leso mpaka puani.

"Werema, wewe unaweka siri?"

"Nanyoa polisi na nanyoa wezi wao," nilimwambia. "Nisingeweka siri ningekuwa nimekufa zamani."

Alifungua leso. Kidevu kilikuwa na ndevu. Si vinyweleo viwili vitatu vya nyanya wa mtu. Ndevu hasa, nyeusi, ngumu, na katikati yake madoa ya zamani. Akaniambia zilianza alipokuwa na miaka kumi na nane. Kila siku kabla jua halijatoka alikuwa akichovya vidole kwenye jivu la meko ili nywele zisiteleze, akizing'oa moja moja. Miaka ishirini. Hata mumewe hakujua. Sasa zilikuwa zimemzidi vidole.

"Ninyoe kama unavyonyoa wanaume," alisema. "Iwe laini kabisa."

Nikamnyoa kama ninavyonyoa wanaume. Niliweka wembe mpya, nikashuka nao, nikaupandisha kinyume cha nywele, nikaupitisha tena kwa upande mpaka ngozi ikang'aa. Halafu nikammwagia spiriti.

"Inachoma, omera, ndugu yangu!"

"Ikichoma ndiyo inasafisha," nilimwambia. Hayo ndiyo maneno niliyomwambia kila mtu aliyekaa kwenye kile kiti. Wanaume waliyapenda. Walikunja uso wakatoka wakijiona mashujaa.

Yeye alitoka akaenda moja kwa moja kuinamia karai la mafuta yanayochemka, akashinda hapo mpaka jioni.

Siku ya tatu kidevu kilijaa vipele. Siku ya tano vipele vikawa na usaha. Na nyinyi mnaojua miaka ile mnajua watu walisema nini. Ukikonda, ayaki, yaani ukimwi. Ukikohoa, ayaki. Mwanamke aliyeachwa na mume, anayeuza chakula kwa wavuvi, halafu ana vidonda usoni? Hakuna aliyeuliza swali. Wateja walianza kupita mbele ya hoteli yake wakiangalia ziwa kana kwamba hawajawahi kuliona.

Wiki hiyohiyo chifu alitangaza kwamba afisa wa afya, Bwana Onsongo, atakuja kukagua wote wanaouza chakula kilichopikwa. Mwenye kidonda usoni au mikononi hatapata cheti, na asiye na cheti atafungiwa. Zilibaki siku ishirini na tatu.

Mama Jeff alikuja kwangu. Nilitegemea matusi, na nilikuwa tayari kuyapokea. Alikaa tu kwenye kiti akafungua leso.

"Tazama kazi yako."

Nikanyoosha mkono kuchukua spiriti. Akanishika kifundo cha mkono, na ule mkono unageuza ugali wa watu arobaini kila siku.

"Weka hiyo chupa chini. Kesho naenda Homa Bay kwa mama yangu mdogo, Lynnet. Alikuwa nesi miaka thelathini. Na wewe unaenda."

"Mimi naenda kufanya nini?"

"Kusikia. Nikija kukuambia mimi, utabisha."

Alisema kweli. Ningebisha.

Mama Lynnet alikuwa amestaafu, anafuga kuku nyuma ya nyumba. Alimkalisha Scovia mahali penye mwanga, akanawa mikono mara mbili, akamtazama kidevu kwa muda mrefu bila kukigusa.

"Nani alifanya hii?"

"Huyu hapa," Scovia alisema.

"Wewe ulisomea wapi?"

"Darasa la tano, mama."

"Na huo wembe wako ulifika la ngapi? Maana mmoja wenu alipaswa kujua."

Scovia alicheka, na ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka wiki hiyo. Mimi sikucheka.

Mama Lynnet alitueleza pole pole, kama watu wanaojifunza njia. Nywele zetu zimejikunja. Ukizinyoa kinyume na kuzikata chini kabisa ya ngozi, ncha inabaki kali, inajikunja na kurudi ndani ya nyama. Mwili unaiona kama mwiba, unavimba. Kung'oa nako kunaleta hayohayo. Spiriti inaunguza ngozi iliyokwisha kwanguliwa, na moto wa karai unamalizia.

"Hii si ayaki," alisema. "Wala hakuna mtu aliyekuroga. Ni nywele zimerudi nyumbani kwa mlango usio wake."

Kisha akatoa amri. Maji yachemshwe, yapoe, kitambaa safi cha pamba kichovywe na kuwekwa kidevuni asubuhi na jioni, bila kusugua. Sabuni ya kufulia isikaribie uso. Asiminye kipele hata kimoja. Ogaka, ule mshubiri wenye miiba unaoota kando ya njia, ukatwe, yale maji ya njano yatiririke yote, halafu ute mweupe wa ndani upakwe kidogo, kwanza kwenye mkono kuona kama mwili unaukubali. Jua kali hapana. Moto wa karibu hapana. Na leso itoke, kwa sababu inasugua na kutia jasho.

"Na kunyoa?" nilimuuliza.

"Asinyoe, asing'oe, asiguse. Wiki tatu, zaidi kama ngozi haijatulia."

Scovia akasema, "Mama, wiki tatu nitakuwa na ndevu kama Musa."

"Basi kuwa Musa. Ukinyoa juu ya usaha, huyo afisa atakuja akute kidonda. Chagua unataka akute nini."

Tulirudi Sori. Nilidhani atashindwa siku ya nne. Mimi mwenyewe nikiwa na kipele, siwezi kukiacha hata saa moja.

Hakushindwa. Alitoboa ukuta wa mabati kati ya jikoni na meza, tundu la upana wa sahani, akawa anapitishia chakula hapo. Wateja wachache waliobaki waliona mkono tu. Alipandisha meko juu ya matofali, akaweka kipande cha bati mbele yake kuzuia joto, akageuza samaki kwa fimbo ya chuma ndefu kama mkono wa mtu. Mafuta yaliruka upande wa bati. Yeye alisimama mbali, ameinua shingo kama mtu anayepigwa picha.

Jioni nilikuwa nampelekea ogaka, maana kuikata ilikuwa adhabu niliyojipa. Nilimkuta amekaa kivulini nyuma ya jikoni, kitambaa cha maji kidevuni, macho amefumba, mikono ameikalia.

"Mbona unaikalia mikono?"

"Nikiiachilia inaenda kwa ndevu yenyewe. Hii mikono imefanya kazi hiyo miaka ishirini, Werema. Inawasha mpaka natamani kujikuna na msasa."

"Kuna mtu atakuona?"

"Kila siku naamka saa kumi nikijiuliza hilo. Halafu nalala tena. Ujue sijawahi kulala mpaka saa kumi na mbili tangu niwe msichana?"

Wiki ya kwanza usaha ulikauka. Ya pili magamba yalitoka yenyewe, hakuyabandua. Nywele zilizokuwa zimenasa zilianza kuchomoza nje. Kila kidonda kilivyofunga, ndevu ziliongezeka. Ilikuwa shamba moja lenye mazao mawili, na hangeweza kuvuna moja bila kuonyesha lingine.

Siku moja kabla ya ukaguzi nilimfuata jikoni asubuhi. Nilikuwa na wembe mpya mfukoni. Sitadanganya, nilitaka kumnyoa. Nilitaka mambo yaishe na mimi nilale.

"Nitashuka nao tu," nilimwambia. "Sitapandisha. Bila spiriti. Kesho utasimama na kidevu cha mwanamke."

Alipitisha upande wa nyuma wa vidole kidevuni, taratibu, kama mtu anayepapasa kichwa cha mtoto aliyelala.

"Vipele vimekwisha vyote?"

"Vilivyo juu vimekwisha. Huku chini ya taya viwili bado ni vichanga."

"Na ukipita juu yake?"

Nilitaka kusema hakuna neno. "Vinaweza kufunguka," nikasema.

"Basi rudisha wembe wako."

"Mama Jeff, ufuo wote utakuwa hapo."

"Najua ufuo. Wamesema nina ayaki na hawajaona kitu. Wacha waone kitu sasa, waseme wanachokiona." Akageukia karai lake. "Toka, unanizibia mwanga."

Kesho yake wapishi walipangwa foleni mbele ya banda la kupimia samaki, watu kumi na moja, wanaume wanne. Watazamaji walikuwa kama siku ya mnada. Mama Jeff alifika wa mwisho. Alikuwa amevaa gauni la kanisani, kichwa amekifunga vizuri, uso wazi. Hakuna leso.

Watazamaji walisukumana wapate kuona. Kisha Odhiambo, fundi wa nyavu, mtu ambaye hajawahi kuacha neno limpite, akapaza sauti.

"Wanaume, sogeeni! Mzee mwenzetu amefika!"

Watu walivunjika mbavu. Mimi nilishika chupa yangu ya spiriti mfukoni nikaona nitampiga nayo. Mama Jeff alimgeukia bila haraka.

"Odhiambo, wewe una miaka arobaini na kidevu kama cha samaki. Ukitaka nikuazime, sema."

Sasa walimcheka Odhiambo, na yeye mwenyewe akacheka, akashika kidevu chake. Lakini nilikuwa nimesimama karibu. Niliona yule mwanamke ameshika gauni kwa mikono yote miwili, isiende kidevuni.

Bwana Onsongo alimaliza kumi akafika kwake. Alikuwa Mkisii mfupi mwenye miwani, anayependa kazi yake. Alitazama ndevu. Alitazama karatasi. Alitazama ndevu tena.

"Mama, niliambiwa hapa kuna mtu ana vidonda usoni."

"Ni mimi. Vilikuwepo. Angalia kama viko."

"Na hizi..."

"Hizi ni ndevu, bwana afisa. Karatasi yako inauliza ndevu?"

Aliisoma karatasi, kweli aliisoma, mstari kwa mstari. Kisha akavua miwani, akaifuta, akamwomba ainue uso. Akampeleka kwenye mwanga. Akatenganisha nywele kwa vidole taratibu, huku na huku, mpaka chini ya taya, pale penye vile viwili. Mimi nilikuwa nahesabu pumzi.

"Vilikuwa vingi," alisema, kama anajisemea.

"Vingi."

"Ulitumia dawa gani?"

"Maji yaliyochemshwa, ogaka, na kuacha. Kuacha ndiyo ilikuwa kali."

Onsongo aliandika. Akaweka cheti juu ya paja lake akakipiga muhuri, kwa sababu hapakuwa na meza. "Ngozi ni nzima. Ila ukipika funga kitambaa chepesi, nywele isianguke kwenye chakula."

"Sawa. Na hawa?" Mama Jeff aliwaonyesha wale wapishi wanne wa kiume, watatu wao wenye ndevu mpaka shingoni. "Hawa sikusikia ukiwaambia."

Onsongo aliwatazama. Akakohoa. Kisha, na hili nampa heshima yake, alirudi mwanzo wa foleni na kuanza upya, mmoja baada ya mwingine, akimwambia kila mwenye ndevu afunge kitambaa. Wanawake walipiga vigelegele.

Kuna wateja ambao hawakurudi tena, sitasema walirudi wote. Wengine walikuja kwanza kumtazama, wakaagiza samaki kwa aibu, wakamaliza. Mimi nimekuwa na ndevu tangu nina miaka kumi na saba, na hakuna siku nimehitaji moyo wa kuzibeba mbele ya watu.

Mchana ule nilimkuta anang'oa yale mabati yenye tundu kwa nyundo.

"Shika upande huo," aliniambia. "Na usisimame tu hapo kama umekuja matanga. Wateja wanataka kukaa."