Maziwa ya Zubeda

"Mama Georgette, ni we huyu?"

Anastasie alikuwa amechutama nyuma ya fungu la ndakala, dagaa wakavu wa ziwani, akiwapepeta mchanga kabla ya kuwamimina kapuni mwa mteja. Aliijua sauti ile hata kabla ya kuinua kichwa. Zubeda alikuwa amesimama mbele yake, hapo sokoni Baraka, ushungi kichwani, mikono tayari imenyooka kuelekea kwa mtoto aliyekaa mkekani.

"Amekomaa," Zubeda alisema. "Ona mashavu. Niachie nimubebe kidogo."

Florentine, mama mkwe wake Anastasie, aliacha kupanga mafungu ya samaki. "Anastasie, huyu ni nani?"

"Simujue, mama."

Lilimtoka hivyo tu, jepesi kama mate. Zubeda alimtazama. Hakukasirika, na ni hilo lililomchoma Anastasie baadaye kuliko tusi lolote. Alirudisha mikono yake polepole, akaificha chini ya ushungi, kisha akamgeukia Florentine kwa adabu.

"Munisamehe, mama. Nilizani ni mutu ninayemujua."

Akapita kati ya wauza mihogo, akapotea. Florentine alimvuta mjukuu wake karibu na goti lake, akarudi kwenye mafungu.

Walikuwa wamekutana katika nyumba ya kuzalia kule Fizi, majira ya mvua yaliyopita. Vitanda vyao viligusana. Anastasie alijifungua na homa kali, matiti yakakauka. Zubeda alikuwa amezaa mtoto wa kiume ambaye hakulia, na mume wake akambeba siku ileile kwenda kumzika. Maziwa yakamjaa bure, yakamlowesha nguo hadi kiunoni. Asubuhi moja, kitoto cha jirani yake kilipochoka hata kulia, Zubeda alinyoosha mkono bila kuulizwa na mtu, akakichukua, akakiweka kifuani. Alifumba macho. Machozi yalimtoka muda wote mtoto akinyonya, na mtoto aliponyamaza kwa shibe, naye alinyamaza.

Mpaka homa ya Anastasie iliposhuka, Georgette aliishi kwa maziwa yale. Dirisha lao lilitazama milima, na kila kulipokucha ukungu ulikuwa umeilalia. Zubeda, mtoto kifuani, alikuwa akighani shairi alilofundishwa na baba yake:

*Ukungu washuka chini, mlima waufunika,*
*Jua likija angani, ukungu unaondoka,*
*Usiulize njiani, wapi ukungu wafika,*
*Tazama penye majani, maji yanayodondoka.*

Siku ya kuagana Anastasie aliahidi kumletea mtoto amwone. Hakumleta. Nyumbani Swima, Florentine alikuwa mtu wa kusikilizwa, kanisani na nje ya kanisa, na aliwahi kusema mbele yake kwamba maziwa ya mama aliyefiwa humwita mtoto kaburini. Anastasie alinyamaza siku hiyo, na ya pili yake, na kunyamaza kukawa mazoea.

Kesho yake baada ya soko, Anastasie alianika ndakala ufukweni kama kawaida. Aliwatandaza kwenye mchanga wa moto, akapita akiwageuza kwa ufagio wa njiti, mtoto mgongoni. Kichwani alikuwa akijitetea. Walijuana siku chache tu. Watu hukutana wakaachana, ndivyo ilivyo. Ukungu nao huondoka, na hakuna anayeuuliza unakokwenda. Shairi lenyewe lilisema. Alilirudia kwa sauti ya chini, akifagia, na likamtuliza hadi mstari wa tatu. Mstari wa nne ulitoka kinywani wenyewe, kwa kuwa shairi likishaanza hudai kumalizika.

Ufagio ukasimama.

Mgongoni mwake mtoto alikuwa amelala. Alihisi uzito wake, joto la tumbo lake, mguu mnene uliomgonga ubavuni. Alikuwa ameyabeba majani yale ya shairi mgongoni muda wote huo, yakidondoka maji, na akasema simjui. Uso ulimwaka. Alitamani mtu amtukane.

Florentine alimwona amesimama. "Samaki wataungua."

"Mama, yule mwanamuke wa jana ninamujua." Hakuweza kuinua macho. "Georgette alinyonya kwake, kule Fizi. Mi sikukuwa na maziwa."

Florentine aliketi mchangani. Mikono yake ilitafuta la kufanya katika mchanga, ikakosa. "Na mutoto wake yeye alikuwa wapi?"

"Walikuwa wamemuzika."

"Na haukuniambia."

"Nilikuogopa, mama."

Mama mkwe aligeuza uso kuelekea ziwani.

"Na mi nilimuvuta mutoto," Florentine alisema, "kama vile yule mama ni mwizi." Akainuka, akajikung'uta nguo. "Anua samaki. Tutakwenda."

Walifika Baraka jua limepinda, wakaulizia, wakaonyeshwa nyumba ya udongo karibu na msikiti. Mlangoni alikaa bibi mmoja akipeta mchele. Alikuwa mama yake Zubeda.

"Zubeda alikwenda Kazimia na bwana yake," aliwaambia. "Walipanda mashua asubuhi. Bwana iko na kazi ya samaki kule."

"Atarudi lini?"

"Hakusema." Bibi aliweka ungo chini. Macho yake yalikuwa yamekwisha kufika mgongoni mwa Anastasie. "Aliniambia jana alikosea mutu sokoni."

Anastasie alifungua mbeleko. Fundo likakataa, na Florentine akamsaidia kwa nyuma.

"Hakukosea, mama," alisema.

Bibi alinyoosha mikono. Alimpokea mtoto, akamkalisha mapajani, akamtazama vidole, kisha magoti, kisha mikunjo ya shingo. Georgette naye alimtazama, akakamata ncha ya ushungi wa bibi, akaitia mdomoni na kuanza kuifyonza. Hakuna aliyemzuia. Anastasie na mama mkwe wake walisimama pale mlangoni, hawajakaribishwa wala kufukuzwa, na kitambaa kikaendelea kulowa.