Mshono Uliopita Usoni

Ukweni walimwita Bwana Istilahi, na mwenyewe alijua kwa nini. Ukimuuliza saa, anaanza kukueleza saa inavyotengenezwa. Kazi yake ilikuwa kuchapa picha kubwa za kubandika ukutani, na tangu aoe aliamini kwamba siku watu wa mkewe watakapoelewa maana ya laminesheni, watampenda.

Kwa hiyo baba mkwe alipotaka picha ya familia nzima ijaze ukuta wa duka lake la magodoro, nusura Bwana Istilahi aruke kwa furaha.

"Baba, vinaili yangu, hii plastiki ya kuchapia, haifiki upana wa ukuta huu," alieleza, mkono kiunoni. "Tutachapa vipande vitatu. Kitaalamu, kingo zinapandana kidogo, hiyo ndiyo ovalapu. Halafu juu tunalaza plastiki angavu, hiyo sasa laminesheni, ila wino uwe umeshapumua, umekauka hadi harufu imeisha, maana usipopumua..."

"Mkwe," mzee alimkatiza, "Jumamosi itakuwa tayari?"

"Bila shaka, baba!"

Mbele ya kompyuta akaanza kutafuta pa kupitisha mishono, pale vipande vitakapokutana. Wa kwanza ulipata nafasi safi, katikati ya mashangazi wawili wasiosemeshana. Wa pili ulimtoa jasho. Ukisogea kushoto, unampasua mama mkwe pua. Ukisogea kulia, unamkata baba mkwe sikio. Kati yao, nyuma kabisa, alikuwepo yeye mwenyewe, shingo kaitoa kama mtu anayechungulia dirishani. Akaupitisha usoni mwake bila kufikiri mara mbili.

Kisha, kwa tamaa ya kusifiwa, fundi mzima akafanya yote aliyowakataza wengine. Alilaza plastiki wino ungali unanuka. Kingo akazigusanisha tu bila kuzipandanisha, ili mishono isionekane. Jumamosi mishono haikuonekana kweli, na Bwana Istilahi alivimba kichwa hadi jioni.

Jua la dirishani halikuchelewa kumwaibisha. Vinaili ilisinyaa, mishono ikaachana. Ule wa mashangazi hakuna aliyeushangaa, maana pengo pale lilikuwepo siku zote. Lakini wateja walianza kuuliza, "Huyu aliyepasuliwa katikati ni nani?"

Baba mkwe akamwita. Bwana Istilahi alifika na maelezo tayari, kuhusu joto, kuhusu gundi, kuhusu kusinyaa kwa malighafi. Alipouona uso wake umegawanywa na mstari mweupe wa ukuta, akayaacha yote.

"Nilifanya haraka, baba," alisema. "Nilitaka mnisifu."

"Hilo nimeliona. Mimi nauliza, kwa nini mshono umepita kwako?"

"Ilibidi upite kwa mtu. Nikaona nikiwa mimi, hakuna atakayelalamika."

Mzee akauweka mkono juu ya lile pengo, kama anayetaka kulifunika.

"Chapa upya. Safari hii upitishe kwangu."

"Baba, haiwezekani! Kitaalamu, mwenye duka..."

"Kwangu, nimesema. Sura yangu hapa wanaijua wote. Wewe ndiye wanayekuulizia."

Bwana Istilahi akageukia ukuta akijipangusa macho, akilalamika kwamba wino huu siku hizi unawasha sana. Dukani hapakuwa na tone la wino.